Mstari wa Tatu Kutoka Chini

Kwa nini mtu aoshe jina ambalo si la mtu wake? Nilijiuliza hivyo nikiwa na miaka minane, nimechuchumaa katika bustani ya askari hapa Tshopo, gunzi la mahindi mkononi. Swali hilo limenirudia mwaka huu, siku niliyowakuta wanaume wawili wakiipima bustani ileile kwa kamba. Walisema patajengwa maduka. Niliuliza kwa ruhusa ya nani, wakaendelea kupima.

Kama ulipita pale zamani, utakumbuka michikichi miwili na lile jiwe refu kama mlango, lenye majina ya watu wetu waliopelekwa kwenye vita vya wazungu wasirudi. Baada ya mvua tulisikia maporomoko ya mto kutoka pale. Waendesha toleka waliegesha baiskeli zao kivulini wakingoja abiria, na pembeni mama mmoja alikaanga mikate. Harufu ya mawese ilitufuata hadi darasani.

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kila mtu anafagia mbele ya mlango wake. Nyanya yangu, tuliyemwita Koko, alifagia kwetu upesiupesi, kisha tukaenda kwenye bustani ya askari na bido la maji na kopo la majivu. Hakuosha jiwe zima. Alisugua mstari mmoja tu, wa tatu kutoka chini, hadi vidole vikawa vyeusi. Hapo ndipo alipokuwa baba yake, aliyeondoka yeye akiwa bado anatambaa. Koko hakusoma shule. Mama yake ndiye aliyemshika mkono na kumwonyesha mstari. Tukimaliza, tulikula lituma, ndizi za kupondwa, ya moto kutoka kwenye majani, tumeegemeza migongo kwenye jiwe.

Wale wa toleka walimtania. “Koko, siku baba yako akiamuka atakuomba chai.”

“Akiamuka, utamubeba bure mupaka kwangu,” alijibu bila kugeuka.

Halafu nikajua kusoma, na nikawa msumbufu. Nilisoma magunia ya chumvi, vibao vya makanisa, hata karatasi za kufungia karanga. Baba yake Koko nilimjua kwa jina, kwa sababu alikuwa akitajwa nyumbani kila tulipoombea wafu. Jumamosi moja nilisoma mstari wa tatu kutoka chini, nikausoma tena, kisha nikasoma jiwe zima. Hakuwemo.

Ningeweza kunyamaza. Mtoto mwingine angenyamaza.

“Koko, huyu si yeye. Iko jina ya mutu mwingine.”

Aliniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Mkono wake ulisimama juu ya jiwe, maji ya majivu yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilidhani atalia. Nilidhani pia, nakiri, kwamba atanisifu.

“Jiwe haikuzala baba yangu,” alisema. “Leta maji.”

Nikaleta. Akasugua mstari uleule, na Jumamosi iliyofuata vilevile, na nyingine zote hadi miguu ilipokataa. Sikumwelewa. Nikiwa chuo kikuu nilisimulia kisa hicho kama mfano wa jinsi watu wanavyoshikilia wanachokitaka hata ushahidi ukiwa mbele ya macho yao. Wenzangu walicheka. Mimi pia.

Leo Koko hayupo. Mama wa mikate hayupo, mchikichi mmoja umeanguka, toleka zimezidiwa na pikipiki, na salongo wengi wanaifanya kwa mdomo. Lakini kamba ile ya vipimo ilinikasirisha kuliko nilivyotarajia. Nikanunua daftari, nikazunguka Tshopo na Mangobo kutafuta familia ya kila jina, ili watakaokuja kujenga wakute watu, si jiwe tupu. Wengine waliniuliza nani amenituma. Niliwajibu kwamba nimejituma. Mwishoni palibaki mstari mmoja usio na mwenyewe, wa tatu kutoka chini. Nilikuwa tayari kuandika kwamba familia haijulikani.

Kabla ya kuandika nilimpitia mjomba wa Mangobo, tuliyemwita tonton, mzee sasa, binamu yake Koko. Huyo ni mtoto wa yule ambaye nyumbani aliitwa Baba Mukubwa tu, aliyemlea Koko baada ya vita; mimi nilizaliwa ameshakufa, na jina lake halisi sikuwahi kulisikia. Nilimsomea tonton orodha yote. Nilipofika kwenye mstari ule akainua kidole.

“Andika sisi,” alisema. “Hiyo ni jina ya papa yangu.”

Kesho asubuhi naipeleka orodha ofisi ya mji, na Jumamosi nitakuwa pale na majivu, wapime wasipime. Kwenye mstari ule nimeandika kama tonton alivyonieleza: chifu alimtaja mkubwa aende vitani, mkubwa alikuwa na mke mja mzito, na siku askari walipohesabiwa, mdogo wake, baba yake Koko, alisimama akaitika jina la kaka yake. Kwa jina hilo alivishwa sare, kwa jina hilo akafa. Mwenye jina alibaki Mangobo hadi uzee, na Koko, aliyejua yote, alikula naye sahani moja hadi siku alipoolewa.