Sumaku ya Daktari na Mkono Wangu wa Kulia

Hakuna kitu duniani kingeweza kunishtua. Nilikuwa na miaka sita sisi Wangazija tulipowindwa na wenyeji mitaani katika mji wa Mahajanga. Nilimwona baba yangu akikatwa mapanga mlangoni petu, nami niko chini ya kitanda. Shule niliishia darasa la pili. Nikahamia kisiwa cha Nosy Be, nikaanza kwa kukwangua mashua za watu pale ufukwe wa Ambatoloaka, nikaishia na tatu zangu mwenyewe za kubebea watalii. Waulize watu wa pale, watakwambia.

Mtu mmoja aliponinyang'anya wateja nikamvunja pua. Ndugu yake akanipiga kasia la kichwa. Nilizinduka hospitalini, mkono wa kulia umekufa.

Miaka miwili baadaye nikasikia kuna daktari Mahajanga, Mngazija kama mimi, aliyetoroshwa mgongoni mwa mama yake siku zile zile za mapanga. Alisomea ng'ambo, akamaliza nusu ya umri wake akiamsha bongo za watu kwa sumaku, bila kupasua fuvu. Alirudi na mashine moja, kainunua kwa akiba yake.

"Vua kila chuma, ndugu yangu," aliniambia kwa Kingazija cha mama zetu. "Pete, saa, hirizi."

"Nimevua."

"Na chini ya kofia?"

"Nywele, daktari. Zikikutisha nitazinyoa."

Akacheka, akaniamini. Lakini ndani ya kofia nilificha hirizi ya mama, kwenye kijaluba cha chuma. Tangu baba auawe, mama hakuniruhusu kutembea bila hiyo.

Akanishikia sumaku kichwani, ikalia, ta! Kijaluba kikaruka, kikanichana nyusi. Damu ikanijaa jichoni, na mimi nikipigwa huwa siulizi. Ngumi ya kushoto ikamkuta daktari tayani. Akaanguka na sumaku yake, ikapasuka sakafuni. Nikampanda kifuani, nikampiga tena.

Alitema jino.

"Kidole gumba chako kimecheza," akasema. "Cha mkono mbovu. Nilikiona kabla hujanipiga."

Nikautazama ule mkono. "Basi irudie."

"Niirudie na nini? Sumaku umeivunja. Nenda ukawaambie walio kwenye benchi nje."

Nilitoka. Walikuwa kumi na mmoja, wengine wamebebwa. Nikawapita, nikarudi Nosy Be.

Niliuza mashua mbili, nikamwagizia daktari sumaku nyingine. Sumaku mpya ilipofika nilikaa chini yake kichwa wazi, wiki sita. Leo kidole gumba kinashika kikombe; vingine bado. Sumaku pamoja na jino la daktari vilinigharimu ariari milioni thelathini na nne, laki sita na elfu hamsini.