Chuma cha Kusukuma Mkono

Nikinusa mafuta taa, ambayo baba alitumia kuosha wino, macho yangu hukimbilia mikono ya watu. Alichapa programu za mazishi pale mjini Machakos, kwa mashine iliyofunguka na kujifunga kama mdomo, naye akiilisha karatasi kwa mkono. Walioitengeneza walikuwa wameweka chuma cha kuusukuma mkono nje kabla mashine haijajifunga. Baba alikitoa, alisema kinamchelewesha.

"Usimwite baba mashine ikitembea," mama alinionya akinituma na chai.

Mlangoni chai ikaniunguza. "Baba!"

Akageuza kichwa. Mashine ikajifunga.

Ilipofunguka alinionyesha vidole vyote vitano, vyeusi kwa wino, akicheka. Kisha akatafuta spana, akaanza kukirudisha kile chuma, na nati ikamponyoka mara tatu.