Mlio wa Nyuma kwenye Gari la Babu

Usiku ule nililala na hasira mpaka meno yakaniuma. Jioni yake baba mdogo alinitangazia kwamba asubuhi mnunuzi wa vyuma chakavu atalichukua gari la babu. Nilikuwa nimeliwasha wiki ile, baada ya miaka sita chini ya turubai, nikaliendesha kidogo, likaunguruma nyuma. Fundi akalisikiliza mara moja tu, akasema difu, zile gia za ekseli ya nyuma, imekufa. Basi. Gari ambalo babu aliniachia mimi, nililopanga kupelekea nyanya sokoni, niachane na kutembea na mtoto mgongoni na tenga kichwani.

Nikasinzia, mwanangu kifuani. Nikaona ua wetu, jua la saa nne, na babu amekaa juu ya tairi la akiba na ovaroli yake ya bluu. Sikushtuka kwamba alishakufa. Nilimfokea hapohapo: mwanawe analiuza gari, fundi mwongo, na wote wananiona mjinga. Akanisubiri nimalize.

"Mke wangu," akasema, kama alivyoniita tangu nikiwa mtoto, "unaunguruma kuliko gari."

Mara tuko barabarani. Naendesha mimi, yeye yuko nyuma, shavu kalilaza sakafuni. Ananiambia niachie mafuta. Naachia, mlio uko vilevile. Ananieleza kwamba ingekuwa difu, mlio ungebadilika nikikanyaga na nikiachia. Sasa nikate kona ya kushoto. Nakata, gari linaegemea kulia, na mlio unapanda, unasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Nakata kulia, unafifia.

Barabara haipo tena. Tuko uani, gurudumu liko juu ya jeki, naye ananipa bisibisi yake ndefu, ncha nigusishe kwenye ekseli, mpini sikioni. Namuuliza ni nani kaliua gari lake. Ananionyesha ardhi chini ya tairi, palipobonyea. Ndipo nakumbuka: kila Ijumaa alikuwa akilisukuma hatua moja, magurudumu yasikae upande uleule. Alipofariki tukasema gari la marehemu lisiguswe mpaka arobaini ipite. Arobaini ikawa miaka sita.

"Hamkuliua, mmelilaza ubavu mmoja," anasema. "Kilicholiwa na kutu ni beringi, zile gololi za gurudumu. Weka sikio kabla ya kuweka bei."

Nikaamka, kumekucha, mtoto ananivuta titi. Nikamnyonyesha, nikamfunga mgongoni, nikatoa jeki na bisibisi ndefu ya babu. Baba mdogo akatoka na mswaki mdomoni, akaniuliza kama nimerogwa. Nikainua nyuma, nikazungusha gurudumu la kushoto: kimya. La kulia: mchanga.

Nikamshikisha bisibisi.

"Baba mdogo, weka sikio."

Akanitazama, kisha akainama, povu la dawa ya meno bado mdomoni. Honi ya mnunuzi ikalia nje. Ikalia tena. Baba mdogo akaninyooshea mkono kwamba nisisimame, niendelee kuzungusha.