Punda Aliyesimama Mlangoni

Kazi yangu ya kwanza, miaka ile ya sitini, ilikuwa kuokota kinyesi cha punda. Katika barua nilizowatumia wazazi bara niliiita utafiti wa minyoo ya wanyama, lakini watu wa Langoni, mtaa niliokaa huko pwani, walichokiona ni kijana wa suruali iliyopigwa pasi akiinama nyuma ya punda, wakacheka mpaka basi. Nazipenda bado asubuhi zile: vichupa vitupu vya penisilini nilivyoviomba hospitali, na darubini niliyoiweka dirishani ili kioo chake kidake jua.

Kila kichupa nilikibandika jina la mwenye nyumba ambayo punda alisimama mlangoni pake. Nilijiona hodari kwelikweli.

Jirani yangu, Bi mmoja mjane, alikuwa na punda mmoja wa kubebea mawe ya ujenzi, na kazi ya punda huyo ndiyo iliyompa mama huyo riziki. Akaja kuniambia mnyama wake anakonda. Kichupa chenye jina lake hakikuwa na yai la mnyoo hata moja. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi nimeona kwa darubini, yeye ameona kwa macho. Dozi ya mwisho ya dawa ya minyoo niliyobaki nayo nikampa punda wa mtu mwingine.

Wiki iliyofuata alinikuta mlangoni pake nikiliandika jina lake tena, nyuma ya punda mnene aliyekuwa akitafuna maganda ya ndizi.

"Bwana, huyu si wangu," alisema. "Huyu huya kwa maganda tu. Wangu hushinda ndia ya msikitini."

Punda wa mji ule hufunguliwa kazi ikiisha, akaenda atakako. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa mimi. Nilimtafuta wake njia ya msikitini, nikapima kinyesi chake: mayai tele. Nikaagiza dawa Mombasa. Ilifika siku tatu baada ya punda kufa.

Nilikwenda kwake na chupa ya dawa mkononi, nikaona haya hata kupiga hodi. Alikuwa akimwaga maganda mlangoni kama kawaida, na yule mnene keshafika. Nikamwomba radhi. Hakunifokea, wala hakusema amenisamehe. Alimshika punda sikio, akanionyesha alama ya chale inayomtambulisha mwenyewe.

"Huyu ni wa fundi, nyumba ya pili," alisema. "Andika, mwanangu. Mimi sina punda tena."