Chungu cha Kuyeyushia Risasi

Mwaka wangu wa tatu Marekani nilimhudumia mzee mmoja huko Greenbelt, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni. Kiswahili chake kilikuwa sanifu kuliko changu cha Nakuru. Mikono yake ilitetemeka sana. Hata kikombe nilimshikia.

Kila vuli yeye na kaka yake walikwenda kuwinda kulungu kwa risasi walizojitengenezea kwa kuyeyusha madini ya risasi. Mwaka ule kaka alikuwa na saratani, akaomba waende mara ya mwisho.

"Tutayeyushia wapi?" mzee aliniuliza.

"Si hapa jikoni?"

"La, dada. Moshi wa madini ya risasi ni sumu. Hatuuleti panapopikwa chakula."

Nikataja makaa, ndiyo niliyoyajua. Akatikisa kichwa: moto wa makaa huwezi kuupunguza ukitaka. Kwenye banda la gari kulikuwa na jiko dogo la gesi. Miaka yote kaka yake alichota kwa upawa na kumimina, yeye akishika kalibu, kile chombo cha kuipa risasi umbo. Gesi ilikuwa na nguvu, lakini upawa unataka mkono uliotulia, na mimi niliogopa. Mwishowe tukaagiza chungu cha umeme chenye kitundu chini, risasi itiririke yenyewe.

Jumamosi tulifungua mlango wa banda, tukavaa glavu, nikashika kalibu. Tulikuwa katikati ya kazi kaka yake alipopiga simu. Mzee akaweka spika, akamweleza kuhusu chungu kipya.

"Umeme?" kaka alicheka. "Kweli umezeeka!"

"Ningefanyaje, na wewe hufai tena hata kushika upawa?"

Kaka akasema amechoka, akakata simu.

"Mpigie tena, mzee," nikamwambia.

"Kesho."

Kesho yake kaka hakuweza tena kuongea. Siku ya nne akafariki.

Baada ya mazishi nilimkuta mzee bandani, chungu kimewashwa, kitupu, kimepata moto hadi kinanuka. Nilichomoa waya.

"Alitania tu," akasema. "Mimi ndiye niliyemchoma."

Nilitaka kumwambia kaka alishasamehe. Sikujua kama ni kweli. Nikamweleza tu kwamba mama yangu alizikwa nikiwa huku, kwa kuwa sina makaratasi ya kuniruhusu kurudi Marekani nikitoka, na kwamba simu yetu ya mwisho nilimwambia nina haraka. Akanishika mkono, mkono wake ukitetemeka ndani ya wangu, tukakaa hivyo mpaka binti yake alipofika kutoka Germantown.