Veit, Mfungua Njia

Veit Prantauer alizaliwa, akaoa na akazeeka katika nyumba moja ya mbao mteremkoni, juu ya kanisa la kijiji cha Falzur, na kazi iliyomlisha ilikuwa kuezeka mapaa. Alipasua misonobari kuwa vigae vyembamba, akavipigilia kimoja kimoja, na paa lake halikuvuja. Lakini hakuna aliyemwita fundi. Ukimtafuta kijijini ukasema unamtaka Veit mwezekaji, mtu angekukazia macho kwanza, kisha aseme: “Aa, Veit mfungua njia!”

Kwetu theluji ikianguka usiku, milima huamka haina alama. Mtu mmoja hutangulia alfajiri. Hubandika ngozi chini ya skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea, ili zisirudi nyuma, hupanda akiisukuma theluji kwa magoti, na nyuma yake hubaki mifereji miwili. Wengine huifuata hadi kileleni, wakabandua ngozi, wakashuka wakiteleza huku vumbi jeupe likiwapiga usoni. Kufuata ni raha. Kufungua ni kazi ya punda. Lakini mifereji ile haipunguzi uchovu tu. Ni neno la mtu. Inasema: nimepita, nimeupima mlima, njooni.

Na mfungua njia akiona mlima haufai, akageuka, ana wajibu mmoja. Hushuka hadi darajani, mahali njia zote za juu zinapoanzia, akakata tawi la msonobari na kulilaza juu ya mifereji yake mwenyewe. Pale miti imesongamana, upepo haufiki, tawi halifunikwi. Likiwa pale, njia imefungwa. Hakuna anayeuliza.

Baba yake Veit alifungua njia kabla yake, na Veit akairithi kazi kama mtu anavyorithi pua. Miaka yote hiyo hakukosea. Akina mama waliosha vyombo wakiulizana dirishani: “Veit amepita?” “Amepita.” Basi mume au mwana aliruhusiwa, ila awahi chakula.

Kisha ukaja ule mwaka mkavu.

Theluji kidogo ilianguka kabla ya Noeli, halafu mbingu ikafunga mkono. Jua lilichomoza kila siku, safi, halina huruma. Upande wa kusini majani makavu yalitokeza kama nywele za maiti. Upande wa kaskazini, ndani ya Rosskar, bonde la mlimani lenye umbo la bakuli, theluji ya zamani ilibaki, na baridi za usiku zikawa zinaila kutoka ndani. Veit alipanda siku moja na mkwewe Jodok, dereva wa lori la maziwa, kijana mpana mwenye kicheko cha karibu. Akachota theluji ile kiganjani, akaifumba ngumi. Ikachuruzika kati ya vidole.

“Unaona?” alisema. “Haishikani. Hii sasa ni sukari.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo ikija theluji nzito juu yake, itakuwa kama paa lililowekwa juu ya kokoto.”

Jodok alicheka. “Baba mkwe, wewe hata kiama utakielezea kwa mapaa.”

Mara mbili majira yale zilikuja theluji haba, na mara zote mbili Veit akaweka tawi. Mara ya pili, Lampert mwenye baa na wenzake waliliruka tawi, wakapanda, wakarudi wanaimba, mashavu mekundu, hawana hata mkwaruzo. Hapo ndipo kicheko kilipoanza.

Mwishoni mwa Februari ikaja theluji yenyewe. Ilianguka mchana kutwa na usiku kucha na siku ya pili, upepo ukiipeleka huku na huku. Jioni baa ilijaa. Watu walikuwa kama watoto walioonjeshwa asali. Skii ziliegemezwa ukutani nje, zimepakwa nta, na ndani hakuna habari nyingine ila kesho. Afra, binti wa Veit, tarishi wa bonde zima, alikaa karibu na jiko akikausha ngozi zake, na Jodok mumewe pembeni yake.

Veit alipoingia, Lampert alipiga meza kwa kitambaa.

“Karibu, Mzee Veit! Utakunywa nini, au nako umeweka tawi?”

Watu wakacheka.

“Nipe pombe ya pea,” Veit alisema. “Na ujaze, usipime kama mke wako alivyokupimia akili.”

“Ehe! Bado ana meno!” Lampert akamimina. “Lakini tuambie ukweli, mzee. Nasikia sasa unaweka tawi hata kitandani, ili Mama Kathrein asivuke upande wako.”

Kicheko kilipasuka kama sahani. Hata Afra aliuma mdomo. Veit alitabasamu, kwa kuwa mwanamume hutakiwa kutabasamu, lakini shingo yake iliiva.

“Mwacheni mzee,” Jodok alisema. “Mimi sina elimu ya mlima. Baba mkwe akipita, nafuata. Akifunga, narudi kulala. Mbona raha tu?”

“Kesho hatafunga,” Lampert alisema. “Akifunga kesho, tawi hilo nitalitia motoni nichomee soseji.”

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Veit aliijua vizuri hekima hiyo. Lakini kicheko kilikuwa masikioni mwake usiku ule, na kilio kilikuwa bado mbali.

Alfajiri alipita darajani peke yake. Theluji ilimfika magotini, nyepesi, na kila tawi la msitu lilikuwa limebeba mzigo wake bila kunung'unika. Baada ya ukame ule wote hata yeye moyo ulimfunguka. Alipanda taratibu, pumzi yake ikimtangulia, akafika miti inapoishia. Mbele yake Rosskar ilikuwa imejaa, nyororo, haina doa. Alitoka nje ya miti, hatua chache tu.

Mlima ukaguna. Wumm. Sauti fupi, nzito, chini ya miguu, kama mtu mzima aliyekaa kitini ghafla. Na ufa mwembamba ukakimbia kwenye theluji kutoka ncha za skii zake. Veit alisimama bila kupumua. Kisha akarudi nyuma, nyayo kwa nyayo, mpaka mgongo wake ukagusa mti.

Akakata tawi. Akasimama nalo mkononi.

Alijua mahali pa tawi. Lakini darajani wangekuwa wameshaanza kukusanyika, Lampert mbele yao. Angetokea na tawi lake machoni pa wote, mara ya tatu, katika theluji bora kuliko zote. Aliyasikia yale ya soseji kabla hayajasemwa tena. Basi akalilaza palepale alipogeukia, ukingoni mwa miti. Atakayefika hapa ataliona, alijiambia. Na hapo atakuwa na mlima mbele yake, si kicheko cha Lampert. Akashuka kwa upande wa pili wa msitu, mbali na daraja, ili asikutane na mtu.

Njia hiyo ilimtoa nyuma ya zizi la Filomena, mjane. Alikuwa nje anakoroga maji ya ng'ombe.

“Veit! Mungu amekuleta. Njoo uone boriti yangu, inalia.”

Akaingia, akaiona boriti, akaitegemeza kwa gogo. Mjane akamkatia mkate na nyama ya nguruwe ya moshi, wakaongea habari za ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa hana haraka ya kuonekana.

Kathrein alikuwa jikoni anaviringa madonge ya mkate alipoingia.

“Umerudi peke yako?”

“Nirudi na nani?”

“Na watoto. Afra aliona njia yako darajani wakati anapeleka barua, akaja mbio kumwamsha Jodok. Wamewatangulia wale wa baa. Alisema, ‘Baba yuko juu, tusimcheleweshe.’ ”

Veit hakuvua kofia. “Niliweka tawi.”

“Darajani?”

Akarudisha mkono kwenye kitasa.

“Veit.” Donge lilikuwa bado mkononi mwake. “Darajani?”

Alikuwa ameshatoka. Kathrein alikimbia kanisani na aproni yake na unga mikononi, akaivuta kengele ile ambayo kwetu haivutwi ila kwa moto au kwa maporomoko ya theluji.

Alipofika ukingoni mwa miti, Veit hakuona tawi. Juu ya msitu upepo ulikuwa umepita kama mwashi na mwiko wake. Ulikuwa umelifunika na kulainisha juu yake pakawa kana kwamba hapajawahi kukanyagwa. Waliomfuata hawakushangaa kukosa mifereji mbele. Huko juu upepo hufuta kila njia. Walijua yuko mbele tu.

Na bakuli la Rosskar halikuwa jeupe tena. Juu, ukuta wa theluji ulikatika wima, ng'ambo hadi ng'ambo. Chini, mabonge kama mawe ya nyumba iliyobomoka. Katikati yake kulikuwa na mtu mmoja amepiga magoti, anachimba kwa koleo fupi.

“Afra!”

Aligeuka. Damu ilikuwa imegandia nyusi. Alimtazama baba yake kama mtu aonaye mzuka.

“Baba? Uko hai?” Sauti yake ilikuwa imekwisha. “Nilidhani uko chini. Nimetafuta wawili. Nasikia mmoja tu, nikarudi nyuma kukutafuta wewe, nikarudi tena, sijui ni nani huyu, baba, sijui nachimba nani!”

Kifaa kidogo kifuani pake, kile cha kutafutia waliofukiwa na theluji, kililia ti-ti-ti-ti, kikishikana na kile cha aliyelala chini. Veit alipiga magoti mbele yake. Walichimba wote wawili. Ikatoka kwanza glavu, kisha mkono, kisha uso wa Jodok, na juu ya mdomo wake utando mwembamba wa barafu, kazi ya pumzi zake mwenyewe.

Watu wa kengele walifika. Lampert alijitupa chini akampulizia Jodok mdomoni, akapuliza na kupuliza, mpaka wawili wakamshika makwapa wakamwondoa, naye akawa anawatukana.

Jodok alilazwa sebuleni katika nyumba ya juu ya kanisa, mishumaa miwili kichwani, na kijiji kikaja kusali rozari kama ilivyo desturi. Sala zilipokwisha, pombe ya pea ikazungushwa. Lampert alikaa mbele ya Veit. Macho yalikuwa yamemvimba.

“Mzee,” alisema, “nimewaambia wote. Mzee Veit hakosi. Tawi aliliweka pale darajani, ni wanyama tu wamelisogeza, au hao vijana wangu wapumbavu. Nitawauliza mmoja mmoja. Si ndiyo, mzee?”

Sebule nzima ilingoja. Ulikuwa mlango uliofunguliwa kwa mapenzi, na angeweza kuupita kwa kuitikia kwa kichwa tu.

“Sikuliweka darajani,” Veit alisema.

“Basi wapi?”

“Juu. Miti inapoishia.”

“Juu? Kwani juu ni mahali pa tawi?”

“Hapana.”

“Sasa kwa nini, mzee?”

Veit alitazama mishumaa. “Mngenicheka.”

Lampert aliiweka gilasi sakafuni, polepole, kama iliyojaa hadi ukingoni. Afra alikuwa amesimama miguuni pa mumewe. Aliinama, akanyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi, akaenda jikoni.

Hakuna aliyemtupia Veit jiwe. Watu walimsalimia, walimpa kazi, na kiangazi kile aliezeka upya nusu ya paa la kanisa. Lampert hakusema tena mzaha mbele yake, na hilo lilikuwa gumu kulizoea kuliko mizaha. Afra alibaki orofa ya juu ya nyumba ile. Alipeleka barua, alimpikia baba yake uji mama yake alipougua, alimwita baba. Lile moja hawakulizungumza.

Novemba, theluji ya kwanza ikaanguka. Veit aliamka kama siku zote, akatoka uani na skii begani. Afra alikuwa ameshafika langoni, anabandika ngozi.

“Unakwenda wapi?” Veit aliuliza.

“Kufungua njia.”

“Hiyo kazi yangu.”

“Baba, watu hawatakufuata.”

“Najua.” Alisogeza uzito wa skii begani. “Watu waache. Wewe je?”

Afra alibana ngozi ya pili, akaipapasa mpaka mwisho kuona kama imeshika. Kisha akasimama.

“Mimi ndiyo kabisa siwezi,” alisema.

Haikuwa kwa hasira. Alimwambia kama mtu amwambiavyo mzee kwamba ngazi ina barafu. Akavaa mkoba, akakanyaga kwenye theluji, na mifereji miwili ikaanza kutoka nyuma yake, myembamba kuliko ya baba yake, imenyooka kwenda darajani. Baada ya muda wakapita wawili, watatu, wakiifuata. “Asubuhi njema, Mzee Veit,” walisema, nao hawakusimama.

Aliwaitikia. Aliziegemeza skii ukutani, akachukua koleo, akaanza kusafisha njia kutoka mlangoni hadi barabarani, kwa upana wa watu wawili wanaombeba mwenzao katikati.