Mgonjwa Wako Hajambo?

Kosa lilianza na lugha. Nilipoitengeneza tovuti ya kofia za mama nilijitia ushujaa, nikachagua kila kitu kiwe kwa Kiswahili, hata kule nyuma ambako wageni hawafiki. Basi Ijumaa moja nimekaa chumbani kwake Mji wa Kale, laptopu magotini, yakatokea maandishi ya rangi ya machungwa. Nikayasoma kwa sauti, maana mimi husoma kila kitu kwa sauti: "Afya ya tovuti: inahitaji kuangaliwa haraka."

Mama alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Akainua kichwa.

"N'nani yuwaumwa?"

"Hapana mtu, mama. Ni tovuti."

"Yuna nini?"

Nikamsomea. Tovuti ilijaribu kujipigia yenyewe ikakosa jibu. Huenda masasisho yasifanyike. Huenda kazi zilizopangwa zisitekelezwe. Mimi ni mtu wa hofu. Nikisikia "huenda", kwangu limeshakuwa. Nikaona sauti ya mama, yote tuliyoirekodi tangu mwanzo wa mwaka, ikifutika mbele ya macho yangu.

Na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa tovuti yenyewe. Mama ameshona kofia za vito tangu kabla sijazaliwa. Vito ni vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja juu ya kitambaa cheupe, hadi litokee ua, au nyota, au mkufu. Kila nakshi ina jina lake, na majina hayo wanayajua wanawake wanaoshona, si wanaume wanaovaa. Marehemu babangu alivaa kofia maisha yake yote bila kujua ameweka nini kichwani, na mama alikuwa akimcheka kwa hilo. Yeye majina aliyapata kwa nyanyake. Hakuna aliyeyaandika. Baada yake yeye hapakuwa na mwengine wa kuyasema, na ndiyo sababu nilinunua nafasi kwenye mtandao, nikajifunza mambo ambayo umri wangu ulikuwa ushayapita.

Kila Ijumaa baada ya chakula nilikuwa nikishuka kwa tuktuk kutoka Ganjoni, naye hunitolea kofia moja kutoka kwenye kasha. Mimi nashika simu, yeye anasema: hii yaitwa hivi, nalifundishwa na fulani, ya kwanza nalimshonea fulani. Nguo zake za Ijumaa zilikuwa bado zanukia udi. Chini kwenye kichochoro watoto walikuwa wakigombana juu ya mpira, na ukisikiliza vizuri rekodi zile utawasikia. Adhana ya alasiri ikianza hunyamaza, mkono juu ya kofia, akaitikia kimoyomoyo, kisha anasema, "Basi, leo yatosha." Nazipenda saa zile kuliko kitu chochote nilichofanya utu uzimani.

Siku hiyo ya maandishi niliifunga laptopu. "Tungoje kidogo, mama," nikamwambia. "Tusiitwike mzigo mwengine mpaka ipone."

Alikubali papo hapo. Nyumbani kwetu mgonjwa hasumbuliwi. Akaikunja kofia aliyokuwa nayo, akairudisha kwenye kasha.

Tulianza kungoja baada ya Idi Kubwa. Kila Ijumaa nikiingia namuuliza, "U hali gani, mama?" naye hunijibu, "Sijambo, alhamdulillahi. Na mgonjwa wako, hajambo?" Hapo ndipo nilipofunguka. Nusu saa nzima namweleza nilichotoa, nilichorudisha, nilichobadilisha, na vile rangi isivyotaka kuondoka. Alinisikiliza kwa huruma ya kweli. Siku moja akaleta chetezo akaizungushia laptopu ubani, na sikumkataza, kwa kuwa dawa zangu zote zilikuwa zimeshashindwa. Akamweleza pia jirani wa nyumba ya mbele kwamba bintiye ana mgonjwa hatambuliki maradhi. Jirani yule, Mungu amjaze heri, akatuletea chupa ya uji wa pilipili manga na salamu za pole. Tuliunywa sisi wawili, tukicheka mpaka mama akapaliwa.

Ingekuwa rahisi kupiga simu kwa kampuni inayotuhifadhia tovuti. Sikupiga. Niliona haya ya mtu mzima asiyejua, na niliogopa kuambiwa kwamba imekwisha. Mpaka watu walipoanza kusoma Maulidi ndipo nikajikaza.

Akapokea kijana wa kiume, sauti ya upole. Akaangalia, nikamsikia akibofyabofya.

"Dada, tovuti yako ni nzima."

"Mbona imeandikwa inaumwa?"

"Hapa tunaweka tovuti nyingi kwenye mashine moja. Kwa usalama tumezizuia zisijipigie zenyewe. Sasa hicho kipimo kinapojaribu, kinagonga mlango tulioufunga sisi, kisha kinaandika kwamba ndani kuna ugonjwa. Hakijui kuwa ni sisi."

"Na masasisho?"

"Twayafanya wenyewe kila wiki. Hakuna kilichopotea."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza, dada."

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo mama angenigombeza. Nilikuwa nimepandwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Ijumaa ile nilipanda ngazi mbio. Nilipomweleza mama alicheka kwanza, halafu akatazama mlangoni.

"Babako alikuwa vivyo hivyo," akasema. "Nyumba yake mwenyewe, na hodi apiga. Asijeingia ghafla, pengine n'na wageni wanawake hawajajitanda. Na siku nyingine sisi kwa kelele zetu hatumsikii. Basi husimama pale chini kwenye daka la mlango na kikapu chake cha samaki, samaki watona maji. Lakini hakwenda kwa majirani akasema nyumbani kwangu wamekufa!"

Nilimwona baba kama yuko pale: kanzu imelowa upande mmoja, subira yake, na sauti yake ya pili ikiita hodi kwa adabu ileile ya kwanza. Nilitaka arudi anisimamie mlangoni hata dakika moja. Nikamwambia mama hivyo, naye akanishika mkono.

Kisha tukafungua kasha. Nikaweka simu juu ya mto, nikabonyeza kurekodi. Mama akachagua kofia, akaipeleka dirishani, akaigeuza.

"Hii nalimshonea ami yako akienda Hija. Kitambaa nalikinunua mtaa wa Biashara, mvua yanya. Hii yaitwa..."

Nikangoja.

"Yaitwa..."

Akaweka ile chini akachukua nyingine. Alijua ya nani, alijua mwaka ule nani alizaliwa na nani alifariki, alijua hata uzi ulikatikia wapi. Jina halikuja. Akachukua ya tatu. Vidole vilikuwa vikipita juu ya vito, vikirudi, vikipita tena.

"Nalikuwa nayo yote," akasema. "Uliponambia tungoje, nikawa nayasema kila asubuhi baada ya sala, moja moja, yasinipotee. Nikingoja mgonjwa wako apowe. Halafu moja likanitoka. Nikaona n'takuambia ukija. Halafu jingine."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe ulikuwa na mgonjwa."

Kila Ijumaa nilimuuliza hali akajibu sijambo, kama tunavyojibu sote, hata mtu akiwa kitandani. Baada ya neno hilo huja kituo kidogo, na hapo ndipo mtu husema "ila". Mimi sikumwachia kituo hicho. Nilikuwa na haraka ya kueleza rangi ya machungwa.

Daktari alimpima baadaye, akazungumza nasi vizuri, hakutudanganya. Tuliendelea kurekodi, na hadithi zake bado ni tamu.

Kofia kumi na moja ziko kwenye tovuti bila jina. Watu huniandikia kuuliza, na mimi huwajibu kwamba mama amesahau, ni umri. Sijamwandikia hata mmoja kwamba mama alikuwa tayari kusema, na aliyemwambia angoje ni mimi.